Cicely Williams: Tabibu aliyeupa ulimwengu jina la kwashiakoo

WANAFUNZI wengi nchini Kenya hulijua neno kwashiakoo tangu wakiwa shule ya msingi. Hulikariri pamoja na picha ya mtoto mwenye tumbo lililofura, miguu iliyovimba na nywele zilizofifia rangi. Wengi hukua wakidhani kwamba hiyo ni istilahi iliyobuniwa na wataalamu wa Ulaya katika maabara zao. Ukweli ni kwamba neno hilo lilitoka vinywani mwa akina mama wa Accra, nchini Ghana, wanaozungumza lugha ya Ga.

Aliyelipokea kutoka kwao na kulifikisha kwenye majarida ya udaktari ni Dkt Cicely Delphine Williams, mwanamke mzaliwa wa Jamaica. Kisa cha maisha yake ni kisa pia cha namna elimu ya tiba ilivyokuja kufahamu jinsi mwili wa mtoto unavyoitumia protini ya chakula, na masaibu yanayoufika pindi chakula kinapopungukiwa.

Alizaliwa Desemba 2, 1893 katika shamba la Kew Park, eneo la Westmoreland, magharibi mwa Jamaica. Ukoo wake ulikuwa wa Waingereza wenye mashamba, waliokuwa wameishi kisiwani humo kwa vizazi kadhaa. Babake alikuwa afisa wa elimu katika serikali ya kikoloni. Akiwa na umri wa miaka 13, binti huyo alipelekwa Uingereza kusoma.

Alipotimiza miaka 19, alipata nafasi katika Chuo Kikuu cha Oxford lakini akaiacha ili arudi nyumbani kuwasaidia wazazi wake, ambao mali yao ilikuwa imeathiriwa na mitetemeko ya ardhi na vimbunga. Ni baada ya kifo cha babake mnamo 1916 ambapo alivuka bahari tena na kuingia Somerville, mojawapo ya vyuo vya wanawake huko Oxford, kusomea udaktari.

Bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi, husema wahenga, walakini bahati ya Cicely ilitokana na balaa. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimewakusanya vijana wa kiume na kuwapeleka medani, madarasa yakabaki matupu, na hivyo wanawake wakafunguliwa mlango ambao awali walikuwa wakibisha bila kuitikiwa. Alifuzu mwaka 1923. Alipoanza kutafuta kazi, wanaume walikuwa wamerejea na mlango ule ulikuwa umeanza kufungwa.

Alifanya kazi katika hospitali za London, ikiwemo hospitali ya watoto ya Queen Elizabeth mtaani Hackney, mtaa wa mafukara. Huko alifikia msimamo ambao hakuuacha hadi kufa kwake: kwamba daktari hawezi kumtibu mtoto ipasavyo bila kujua nyumba alikotoka, anayempikia na kinachopikwa. Baadaye alihudumu kwa muda miongoni mwa wakimbizi nchini Ugiriki, kisha akasomea magonjwa ya nchi za joto jijini London.

Mnamo 1929 aliajiriwa na idara ya matibabu ya makoloni na kutumwa Gold Coast, nchi inayoitwa Ghana leo. Wanawake katika idara hiyo hawakulipwa sawa na wanaume, na kazi waliyotengewa ilikuwa hasa ya kuwatazama akina mama na watoto. Wakubwa waliiona kazi hiyo kuwa duni. Williams aliiona kuwa kiini cha udaktari wote.

Katika hospitali ya watoto ya Princess Marie Louise jijini Accra, alikutana na umati ambao hakuwa ameutarajia. Watoto waliletwa migongoni mwa mama zao kwa mamia, wengine wakiwa mahututi. Aliwafunza wauguzi, akazuru vijijini, akawa anaandika habari za kila mgonjwa kwa makini. Miongoni mwa watoto hao palikuwa na kundi lililomkosesha usingizi.

Hawa walikuwa wa umri wa kati ya mwaka mmoja na miaka minne. Miguu na mikono yao ilikuwa imevimba. Ngozi ilibadilika rangi, ikapasuka na kubambuka mithili ya rangi ya ukuta wa zamani. Nywele zilipauka. Waliendesha, walikataa chakula, na walikuwa na huzuni isiyoelezeka. Hawakucheza wala kutabasamu. Wasipotibiwa mapema, wengi walikufa.

Kwa macho ya haraka, mtoto wa aina hiyo hakuonekana kuwa na njaa. Mashavu yalikuwa yamejaa na tumbo lilikuwa kubwa. Huo ndio uliokuwa mtego wa maradhi yenyewe, kwani unono ule ulikuwa maji matupu yaliyojikusanya chini ya ngozi, huku misuli ikiwa imekwisha kuyeyuka. Williams alishiriki kuzipasua maiti za baadhi ya waliofariki, na ndani mwake ini lilikuwa limejaa mafuta.

Alipowauliza akina mama ugonjwa huo unaitwaje, walimjibu bila kusita kwamba ni kwashiakoo. Maana yake ni maradhi yanayompata mtoto aliyeondolewa ziwani kwa sababu mdogo wake amezaliwa au yu njiani kuzaliwa. Kwa jina hilo moja, akina mama wa Accra walikuwa wamesema ni nani huugua, lini na kwa nini.

Waswahili nao hawakuwa mbali na maarifa hayo. Dhana ya kubemenda, ambapo mtoto anyonyaye husemekana kudhoofika kwa sababu wazazi wamekutana mapema na mama kushika mimba nyingine, imejengeka juu ya tukio lile lile. Jicho la wahenga lilikuwa limeona sawasawa kwamba ujio wa mtoto mwingine humweka aliyetangulia hatarini. Tofauti ni kwamba lawama ilielekezwa kwenye tendo la wazazi, ilhali chanzo kilikuwa kwenye bakuli la mtoto.

Williams alilichungulia bakuli hilo. Mtoto aliyeachishwa ziwa alikuwa akilishwa vyakula vya mahindi yaliyochachushwa, na karibu hakuna kingine. Mnamo 1933 alichapisha taarifa yake katika jarida la Archives of Disease in Childhood, akieleza kwamba huo ni ugonjwa wa lishe unaoandamana na ulaji wa mahindi, na akadokeza kwamba huenda upungufu wa protini ulikuwa na mkono katika jambo hilo. Miaka miwili baadaye, katika jarida la The Lancet, alitumia waziwazi jina la Kiafrika.

Ili kuelewa uzito wa wazo hilo, ni sharti kufuatilia safari ya protini mwilini. Mtu anapokula maharagwe, samaki ama yai, asidi iliyomo tumboni huanza kuilegeza protini, na kimeng'enya kiitwacho pepsini huikatakata. Uji huo unapoingia katika utumbo mwembamba, kongosho humwaga vimeng'enya vingine, tripsini ikiwa mmojawapo, vinavyoendeleza kazi ya kukata hadi protini iwe vipande vidogo mno viitwavyo amino asidi.

Vipande hivyo hupenya ukuta wa utumbo, vikaingia kwenye damu na kusafirishwa moja kwa moja hadi kwenye ini. Kutoka hapo husambazwa kote mwilini, na kila kiungo huvishona upya kuwa kile kinachohitaji: misuli, ngozi, nywele, damu, na hata vimeng'enya vyenyewe vya kusaga chakula cha kesho. Mwili hauli nyama ili uwe nyama. Huivunja nyumba ya mwingine matofali kwa matofali, kisha hujenga yake.

Matofali hayo ni ya aina 20, na tisa kati yake mwili hauwezi kujitengenezea. Lazima yatoke kwenye chakula. Hapa ndipo mahindi yanapopungukiwa. Yana protini kiasi, ila yana uhaba wa amino asidi mbili kati ya hizo tisa, lisini na triptofani. Fundi akikosa aina moja ya tofali, ukuta husimama hata kama aina nyingine zimejaa uani.

Maharagwe yana lisini kwa wingi. Kwa hiyo mpishi wa githeri, anayechanganya mahindi na maharagwe katika sufuria moja, huziba pengo hilo pasipo kuhitaji kusoma kitabu chochote. Mtoto aliyepewa uji mtupu wa mahindi hana wa kumzibia. Isitoshe, tumbo lake ni dogo. Hujaa uji mwepesi kabla hajapata anachohitaji.

Jambo jingine ni kwamba mwili hauna ghala la protini. Mafuta yakizidi huwekwa akiba, lakini amino asidi zilizozidi huvunjwa, na ini hugeuza takataka yake kuwa urea inayotolewa na figo kupitia mkojo. Siku ambayo chakula hakitoshi, mwili hugeukia misuli yake wenyewe na kuibomoa. Mtoto anayekua, ambaye anapaswa kujenga kila siku, ndiye wa kwanza kufilisika.

Si kila mtu aliyeyapokea matokeo ya Williams kwa mikono miwili. Dkt Hugh Stannus, aliyewahi kuhudumu Nyasaland, Malawi ya sasa, na kutambulika kama bingwa wa ugonjwa wa pelagra, alishikilia kwamba alichokiona daktari huyo ni pelagra tu ya watoto. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi, kwa sababu pelagra pia huwapata wanaotegemea mahindi na huharibu ngozi.

Williams hakutikisika. Alionyesha kwamba vidonda vya pelagra hutokea mahali ngozi inapopigwa na jua, ilhali vya watoto wake havikufuata jua. Aidha, uvimbe na ini lenye mafuta havikuwa dalili za pelagra. Hata hivyo, sauti ya bingwa ilisikika zaidi kuliko ya mwanamke aliyekuwa koloni, na kwa miaka kadhaa madaktari wengi, wakiwemo waliokuwa Afrika Mashariki, waliendelea kuuita ugonjwa huo pelagra ya watoto.

Wakati huo huo alikuwa akivutana na wakubwa wake mjini Accra. Serikali ilitenganisha kinga na tiba: mtoto mzima apimwe kwingine na mtoto mgonjwa atibiwe kwingine. Williams aliuona utengano huo kuwa upuuzi unaoua. Mama aliyetembea kutwa nzima na mtoto mgongoni alipaswa kupata dawa, ushauri na kipimo mahali pamoja. Ubishi huo ulimponza, na mnamo 1936 akahamishiwa Malaya.

Huko alikuta watoto wakifa kwa namna nyingine. Makampuni yaliuza maziwa ya kopo yaliyokolezwa sukari, na wauzaji waliovalia kama wauguzi waliwashawishi akina mama waliojifungua kwamba hayo yalishinda maziwa yao. Akina mama waliacha kunyonyesha, maziwa yao yakakauka, kisha wakabaki na kopo wasiloweza kulimudu bei wala kuliandaa kwa maji safi.

Mnamo 1939 alialikwa kuhutubia klabu ya Rotary mjini Singapore, mbele ya wafanyabiashara na wakuu wa mji. Mada aliyoichagua ilikuwa maziwa na mauaji. Aliwaambia bila kupepesa macho kwamba kuwapotosha akina mama kuhusu chakula cha watoto wachanga ni uuaji, na kwamba wanaohusika wanastahili kuadhibiwa kama wauaji. Ilichukua zaidi ya miaka 40 kabla ya Shirika la Afya Duniani (WHO) kupitisha kanuni za kimataifa za uuzaji wa maziwa mbadala, mwaka 1981.

Desemba 1941 majeshi ya Japani yalivamia Malaya. Williams, aliyekuwa Terengganu, kaskazini mashariki mwa nchi, alitoroka hadi Singapore, lakini mji huo nao ulianguka Februari 15, 1942. Alifungwa katika gereza la Changi pamoja na maelfu ya raia, akabaki kizuizini hadi vita vilipokwisha mwaka 1945. Aliwahi kuwa kiongozi wa kambi ya wanawake. Mnamo 1943, polisi wa kijeshi wa Japani walimchukua na kumzuilia kwa miezi kadhaa katika vizimba vyao, wakimshuku kwa ujasusi.

Katika miaka hiyo aliijua njaa kutoka upande wa mgonjwa. Aliugua kuhara damu na beriberi, maradhi ya ukosefu wa vitamini ambayo yalimwachia ganzi miguuni. Hata hivyo hakuacha kuchunguza na kuandika. Watoto 20 walizaliwa kambini humo, wote wakanyonyeshwa na mama zao waliodhoofika, na wote 20 wakaishi. Kwake, huo ulikuwa ushahidi uliopita hotuba zote.

Shirika la Afya Duniani lilipoundwa mnamo 1948, yeye ndiye aliyeteuliwa kuwa mkuu wa kwanza wa kitengo cha afya ya mama na mtoto, mjini Geneva. Kazi ya ofisini haikumkalia, na punde si punde alirejea Asia.

Kufikia wakati huo hoja yake ya Accra ilikuwa imeshinda. Mnamo 1950 wataalamu wawili, John Brock na Marcel Autret, walitumwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa kuzuru Afrika, na taarifa yao ya 1952 ikathibitisha kwamba kwashiakoo ilikuwa imeenea mno barani. Katika hospitali ya Mulago jijini Kampala, Dkt Hugh Trowell, ambaye alikuwa amefanya kazi nchini Kenya kabla ya kuhamia Uganda, alishirikiana na Jack Davies na Rex Dean kuandika kitabu kizima kuhusu ugonjwa huo, kilichotoka mwaka 1954. Neno la akina mama wa Accra likawa la dunia.

Lakini ushindi nao ulizaa matatizo yake. Katika miaka ya 1950 na 1960, mashirika ya kimataifa yalishikwa na imani kwamba dunia inakabiliwa na pengo la protini. Fedha nyingi zilimwagwa katika unga wa samaki, maziwa ya unga na michanganyiko ya kila aina. Nchini India, mtafiti Coluthur Gopalan alionyesha kwamba watoto waliokula chakula cha aina moja waliweza kuugua kwa njia mbili tofauti, wengine wakavimba na wengine wakakonda wakabaki mifupa. Mnamo 1974 Donald McLaren aliishambulia sera hiyo ya protini katika jarida la The Lancet, akiiita kosa kubwa.

Ilibainika kwamba watoto wengi walikosa chakula cha kutosha kwa jumla, si protini pekee. Mwili usiopata nguvu za kutosha huichoma hata protini kidogo uliyoipata kama kuni, badala ya kuijengea. Utafiti uliofanyiwa mapacha nchini Malawi na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba hata wanaokula pamoja huweza kutofautiana, mmoja akaugua na mwenzake akabaki mzima, na kwamba bakteria waishio tumboni wana mchango wao. Hadi leo wanasayansi hawajaafikiana kikamilifu kuhusu kinacholeta uvimbe.

Tiba pia imebadilika. Mtoto wa kwashiakoo anapofikishwa hospitalini hashindiliwi nyama na mayai. Kwa siku za mwanzo hupewa maziwa maalumu yenye protini kidogo, kwani ini lake limechoka na haliwezi kuhimili mzigo mkubwa. Hamu ya chakula ikirudi na uvimbe ukianza kupungua, ndipo kiwango huongezwa, mara nyingi kwa chakula cha pakiti kilichotengenezwa kwa karanga na maziwa.

Mabadiliko hayo hayakuivunja kazi ya Williams. Yeye alikuwa ameihusisha protini kwa tahadhari ya mtafiti. Waliomfuata ndio waliogeuza uwezekano kuwa msahafu. Alichokisisitiza muda wote ni mtoto mzima, mamake na nyumba yao. Kitabu alichoandika pamoja na Derrick Jelliffe, aliyekuwa amefundisha Makerere, na kuchapishwa mwaka 1972, kilihusu namna ya kuzifikisha huduma kwa mama na mtoto.

Hakuolewa wala kupata mtoto. Miaka ya 1950 alichunguza nchini Jamaica ugonjwa wa kutapika ulioua watoto, akafunza lishe London, na kuanzia 1960 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut, ambako alifanya kazi pia na wakimbizi wa Kipalestina. Tuzo zilimjia uzeeni. Mnamo 1968 alitunukiwa nishani ya CMG na serikali ya Uingereza, na mwaka 1986 Oxford ikamvisha shahada ya heshima akiwa na miaka 92. Aliaga dunia mjini Oxford mwaka 1992.

Leo, mama Mkenya anayempeleka mwanawe kliniki hukuta mizani, chanjo, ushauri wa lishe na tiba katika kituo kimoja, na kitabu kimoja cha kuandikia yote hayo. Mpangilio huo unaonekana kuwa wa kawaida mno kiasi cha kutofikiriwa. Mnamo 1936, kuupigania kulimgharimu Cicely Williams kazi yake mjini Accra.